Uvimbe wa Taya na Seli Zinazojificha

Ndugu zangu, nianzie hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Daktari mpasuaji Denis Burkitt anaitwa wodini kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Saratani hiyo, ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt, ina kasi ya kutisha: seli zake huongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Sampuli zikawa zinapelekwa London kwa ndege, kwa mtafiti Anthony Epstein. Desemba 1963 ukungu ulilazimisha ndege moja itue Manchester. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa yametibuka kama ya kuoshea mchele. Mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein akaweka tone kwenye darubini, akakuta seli hai zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli hizo, kinachoitwa leo Epstein-Barr.

Kirusi hicho wengi wetu humu ukumbini tunacho, wala hatuumwi, maana seli T zetu, askari wa kinga ya mwili, zimekibana. Ila malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, seli T hizo huchoka, na seli B, yaani seli za kinga ambamo kirusi hujificha na ambamo saratani hii huanzia, huchochewa zigawanyike kwa pupa. Kwenye pupa hiyo kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, hukatika ikaungana na ya 14, na jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike, hubaki imewashwa.

Hapa naomba tutulie kidogo. Kila seli hupanga nje vipande vya protini zake, kama muuzaji apangavyo bidhaa barazani, na seli T zinazoua hupita zikikagua. Seli ya uvimbe huu hufunga karibu duka lote. Kati ya protini za kirusi hubakiza hasa moja, EBNA1, yenye kipande cha glisini na alanini, viungo viwili vya kujengea protini, zinazojirudia, kinachofanya isikatwekatwe kwa urahisi. Isipokatwa haipangwi barazani, na mkaguzi anapita zake.

Dawa tunayo. Siklofosfamaidi huyeyusha uvimbe kwa siku chache, nami kila nikiona shavu limenywea moyo wangu hufurahi. Lakini baadhi ya seli zimeharibu jeni ya p53, inayoiamuru seli mbovu ife, hivyo hazisikii tena amri hiyo. Nyingine hukimbilia kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, ambako dawa ya mshipani hufika kwa shida, kwa hiyo huzichomea dawa mgongoni.

Ndiyo maana mama anapouliza, "Daktari, si amepona huyu? Mbona mnamchoma tena mgongoni?", huwa naketi kando yake kwanza, nikamweleza habari za seli hizo zilizojificha, kisha ndipo tunamlaza mtoto ubavu.