Lipu Inayobanduliwa Kila Mwezi

Shikamooni wazee, wengine habari za asubuhi. Leo nitaanza na lipu, msicheke.

Fundi akitaka kupiga lipu upya, hubandua ile kuukuu mpaka tofali lionekane. Utando wa ndani ya mji wa mimba hufanyiwa kazi hiyo kila mwezi, mara 400 hivi katika maisha ya mwanamke, na hupona bila kovu. Jikate kidole jikoni uone kama ngozi itakufanyia hisani hiyo!

Wanaobandua ni vimeng'enya vinavyokata nyuzi za protini zilizoshikilia seli. Yai likishatoka, projesteroni huvituliza. Homoni hiyo ikishuka, vinaachiwa, utando unameguka, hedhi inaanza.

Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba damu nyingine ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagikia nyongani, pamoja na vipande hai vya utando. Vikiota huko ndiyo ugonjwa uitwao endometriosisi. Sawa, lakini damu hurudi kwa wanawake karibu 9 kati ya 10 wenye mirija iliyo wazi, na wanaougua ni kama 1 kati ya 10. Hao wengine imekuwaje?

Ndiyo maana mimi nautilia shaka utando wenyewe kuliko mirija. Kwa wagonjwa wengi, utando hauisikii projesteroni sawasawa, na vimeng'enya vinaendelea kukata wakati wa kutulia. Kipande cha namna hiyo kikidondokea nyongani, kimeingia na patasi mkononi. Kinachimba, kinavuta mishipa ya damu, kisha neva. Kinavuja damu palepale, isiyo na pa kutokea, mpaka utumbo unagandana na mji wa mimba.

Mwaka 1997 watafiti wa Vanderbilt, Marekani, waliwapandikiza panya utando wa binadamu. Walipovizuia vimeng'enya, vipandikizi vilishindwa kushika. Na hapa karibu, Nairobi, kwenye miaka hiyohiyo ya 1990, nyani walidungwa nyongani utando wao wenyewe: ule wa siku za hedhi, uliokwisha kuanza kumeguka, uliota kwa upana kuliko uliochukuliwa kabla.

Naam, mama, nimekuona. Unauliza kama binti mwenye ugonjwa huu akiondolewa kizazi "chango", yaani maumivu yake ya tumbo, litaisha. Kizazi kitatoka, mama. Vilivyokwisha kuota kwenye ovari na utumbo vinabaki, mpaka daktari avifuate hukohuko.