Ala ya Springi: Mazungumzo na Mafundi wa Magari ya Zamani, Malindi, Unguja

Assalamu alaykum, wazee wangu na mafundi wenzangu. Ahsanteni kwa kuja, na mvua yote hii.

Hii niliyoishika ni ala ya springi, yaani vazi la kuifunika springi ya gari. Ni ngozi iliyoshonwa, ndani imetandikwa kitambaa kinene cha sufu, na inafungwa kwa kamba kama kiatu. Bentley na Rolls-Royce za miaka ya 1920 na 1930 zilivalishwa ala za namna hii. Sisi tuna Land Rover zetu za zamani, na springi zake ni bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyengine. Gari ikiingia shimoni springi inakunjuka, na kila bapa inateleza juu ya mwenzake. Pale zinapotelezeana ndipo panapotaka mafuta, na ndipo chumvi ya pwani yetu inapojipenyeza.

Wanaotengeneza majahazi wanayajua haya. Chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ubaoni, na deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta, chini, lakini hakuna fundi anayepaka deheni kabla ya kukwangua uchafu wa bahari. Mimi hilo nimeliona tangu mdogo, na bado sikulitia akilini nilipokuja kwenye gari.

Nilivalisha springi za nyuma za Land Rover moja bila ya kuzifungua. Nilipitisha brashi ya waya juu juu, nikapaka grisi, nikakaza kamba, zikapendeza. Masika yakapita. Nilipofungua yalitoka maji ya rangi ya chai, na baina ya bapa ya pili na ya tatu kutu ilikuwa imevimba, hata ukucha unaingia. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hivyo ilizisukuma bapa zikaachana. Ile ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kishimo cha kutu. Na gari ile ilikuwa ikipakia watu. Ala niliyoitia mimi iliufunika ufa ule usionekane.

Kwa hivyo fungueni kwanza. Ibaneni springi kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma, iwe madhubuti, kabla ya kulegeza bolti ya kati, maana bapa zimejikaza na zinaweza kuruka usoni. Sugueni kila bapa mpaka chuma kionekane, zikausheni juani, kisha pakeni grisi yenye grafaiti, nyembamba, pande zote mbili. Bapa yenye ufa msiichomelee. Moto unaharibu ugumu wa chuma chake. Itupeni.

Kipimo kinachukuliwa gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Mkiinyanyua kwa jeki chini ya fremu, springi inaning'inia na kujipinda zaidi, na ala mtakayokata haitakaa sawa. Pimeni mzunguko sehemu kadhaa, kwa sababu springi ni nene karibu na ekseli na nyembamba mwishoni. Vile vibanio vinavyoshika bapa pamoja vipimeni peke yake, maana kona zake ndizo zinazotoboa ngozi. Fundi viatu mzuri ataishona, ila mpeni kiolezo cha karatasi, msimwelezee kwa mdomo. Mshono wa kamba uelekee chini, maji yapate pa kutokea.

Kitambaa cha ndani kiloweke mafuta masafi. Nawaomba sana muiache oili chafu ya injini: ina asidi na vumbi la chuma, nasi ndiyo tunayoipenda kwa kuwa ni ya bure. Mafuta yasifike kwenye bushi za mpira, zitavimba. Na kama springi ilitengenezwa na vipande vya plastiki au mpira baina ya bapa, hiyo haitaki grisi kabisa.

Jambo moja huwashtua wenye magari. Springi iliyokaukiana ilikuwa ikisaidia kuzuia gari isidunde. Ukiitia mafuta inalainika, na shokapu, ambayo ndiyo kazi yake kuzuia mdundo, ikiwa mbovu inajulikana siku hiyo hiyo. Basi tengenezeni shokapu.

Kila baada ya masika legezeni kamba, ingizeni kidole mpaka ndani. Kikitoka na mafuta meusi, ongezeni kidogo mfunge. Kikitoka na wekundu, springi ishuke.

Ile bapa yenye ufa nimekuja nayo, ipo hapa mezani. Njooni muipitishe kidole, taratibu, mpaka mpate pale panapokwaruza.