Kebo Mliyonayo Ukutani Ndiyo Itakayoleta Waifai

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Wengi wenu hapa Moshi mlijenga kwa akili. Kabla ya plasta mlimwambia fundi apitishe kebo za mtandao: sebuleni, chumba cha watoto, nyumba ya uani. Leo simu hazina pa kuchomeka kebo, basi mtu ananiita, "Fundi, ng'oa hizi nyaya, tuwekee waifai." Huwa nakataa. Kebo ile ni mali.

Waifai ni redio. Ukuta wa tofali za bloku unaipunguza nguvu, nondo na mabati yanairudisha ilikotoka, tangi la maji linainywa. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka mapema ukutani. Yale ya 2.4 hupenya vizuri zaidi. Kebo ya shaba haijali ukuta, inabeba mtandao hadi mita 100. Kwa hiyo acheni kununua ruta yenye antena nyingi na kuisimika sebuleni ipige kelele mpaka uani. Pelekeni kisanduku cha waifai kule waliko watu, mwishoni mwa kebo.

Hata ruta ya zamani iliyolala kabatini inafaa. Ila nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipomkosea mteja wangu wa Rau. Nilichomeka ruta ya pili, taa zikawaka, nikaaga. Jioni mama akanipigia: "Mwanangu, waifai imejaa kwenye simu lakini haifungui kitu. Na kompyuta ya baba nayo imegoma, wakati asubuhi ilikuwa nzima."

Kila kifaa kikiingia kwenye mtandao huomba anwani, na ruta hukipa, pamoja na kukielekeza mlango wa kutokea kwenda intaneti. Kazi hiyo inaitwa DHCP. Mimi nilikuwa nimeacha wagawaji wawili kwenye nyumba moja. Ni kama stendi yenye wapiga debe wawili, mmoja wao anapakia abiria kwenye basi lisilo na dereva: anayekuwahi ndiye anayekuchukua. Waliowahiwa na ruta yangu walielekezwa kwenye mlango usiotoka popote.

Tazameni ruta hii ya pili hapa mezani. Kwanza naiunganisha na laptopu peke yake, bado haijagusa mtandao wa nyumba. Anwani ya ruta kuu ni 192.168.1.1, hii naipa 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha ruta kuu haigawi namba hiyo kwa kifaa kingine. Kisha nazima DHCP. Baada ya hapo kebo kutoka ukutani naichomeka kwenye tundu mojawapo la LAN, yaani la vifaa vya ndani ya nyumba. Tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje, ambalo mara nyingi lina rangi yake, naliacha wazi. Ukitumia WAN intaneti itapatikana, lakini utakuwa umezaa mtandao wa pili ndani ya ule wa kwanza, na printa ya sebuleni haitaonekana chumbani. Ruta nyingi mpya zina chaguo la eksesi pointi, yaani kuifanya ruta iwe kisanduku cha waifai tu, linalofanya yote haya kwa mkupuo. Kama yako inalo, litumie.

Jina na nywila ya waifai viwe vilevile kote, ili simu ihame yenyewe unapotembea. Chaneli zitofautiane: kwenye 2.4, moja iwe 1, nyingine 6 au 11.

Na usalama, jamani. Zamani mwizi wa mtandao alilazimika kuingia ndani kuishika kebo. Sasa anasimama barabarani tu. Kwenye mipangilio ya ruta tumieni ulinzi wa WPA2 au WPA3, zimeni WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila nywila, badilisheni nywila ya kufungulia mipangilio iliyokuja na ruta.

Kuna mzee ameniuliza mlangoni kuhusu kebo iliyotandazwa nje kwenda nyumba ya uani. Mzee wangu, shaba ile radi ikipiga jirani inaweza kuunguza vifaa vya nyumba zote mbili. Hapo ndipo ningekushauri utumie faiba, kebo ya uzi wa kioo, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Sogeeni sasa, nimekuja na kipande chake mkione.