Koti la Baba Stejini

Haya jamani, wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee namna ya kupeleka msiba wa mzazi stejini ukiwa peke yako. Wengi mshanisikia nikilisema hili na leo nalisema tena, maana bado naletewa maonyesho ambayo mtu anaingia, taa ya bluu, anapiga magoti, analia dakika ishirini, anatoka. Hapana! Kulia sio onyesho. Pale watu wanakuonea huruma wewe, mama yako hata ukucha wake hawajauona.

Mimi Mngoni. Baba tulimzika Songea, kesho yake watu bado wamejaa, kina mama ndani, wanaume nje kwenye majamvi, akaja mtani, mama mmoja wa Kihehe jirani yetu. Akapita moja kwa moja mpaka ndani, hakuomba mtu, akatoka kavaa koti la baba, lile la kaki lenye mfuko uliolegea kwa kubeba redio, na kofia kailaza upande. Akakaa kwenye kiti chake. Sasa sikilizeni alichofanya, hakusema neno. Kachukua redio kaiweka sikioni, akazungusha kile kitufe taratibu, akatulia, akakirudisha nyuma kidogo, halafu akanyanyua kidole, hivi. Kile kidole! Watoto wote saba tunakijua, maana yake nyamazeni, vinasomwa vifo, maana baba matangazo ya vifo ya Radio Tanzania hayakumpita na yakianza nyumba nzima haipumui. Basi msiba mzima ukanyamaza, kwa kidole cha mtu tuliyemzika jana. Na mama yangu, tangu juzi hajafungua mdomo, akasema, "Baba nanihii, chai yako inapoa." Vilevile alivyokuwa anamwambia siku zote. Hapo ndo akalia.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni, mwalimu huo ni utani tu, sanaa iko wapi. Wangoni na Wahehe walipigana vita kati ya 1878 na 1882, wakauana hasa, na leo ni watani, yule ambaye babu zake waliwaua babu zako ndo mwenye ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu wako, hata kulala kaburini agome kutoka mpaka mumpe chochote. Mfiwa hana ruhusa hiyo, mfiwa anakaa kwenye jamvi anapokea pole. Sasa wewe unayepanda peke yako unakuwa mfiwa na mtani kwa mpigo, ndo ugumu wa kazi hii. Mfiwa akizidi unalia tu, mtani akizidi unamdhihaki mzazi wako.

Na msiniambie eti kuigiza peke yako tumeletewa na wazungu. Bibi akisema hadithi hadithi nyie mkajibu hadithi njoo, nani alikuwa sungura, nani alikuwa fisi? Si yeye mwenyewe pale kwenye kigoda!

Mama alipofariki nikajaribu mwenyewe. Miezi mitatu naandika maneno, yote nikayatupa, nikabaki na kitu kimoja, alivyokuwa anafunga hela kwenye pindo la khanga: anakunja noti, anapiga fundo, anavuta kwa meno, halafu analigonga mara mbili kwa kiganja. Nikafanya hivyo tu. Mama mmoja safu ya mbele akashika pindo lake.

Naona mnanionyesha saa. Haraka basi, ongeeni na ndugu zenu kabla hamjapanda, mzazi sio wako peke yako. Na kabla ya arobaini usiguse, subiri. La muziki nililiandaa, tuliache. Nataka mmoja apande hapa, wewe dada mwenye khanga, njoo. Simama pale. Usiseme kitu, usilie, tuonyeshe mama yako anafunga mlango usiku. Taratibu. Alikuwa anaanza na komeo la juu au la chini?