Jimu ya Chuo Wakati wa Korona: Anza na Dirisha

Hamjambo, makomredi, na karibuni. Tuko ndani ya ukumbi wa mazoezi wa chuo hapa Nairobi. Video hii ni ya kila mwanafunzi na kila mfanyakazi anayetaka kurudi kwenye vyuma, uwanjani au bwawani wakati huu ambapo korona bado iko nasi. Ni Julai 2021, masomo yanaendelea, na aina ya kirusi inayoitwa Delta inasambaa kwa kasi kuliko zile za mwaka jana. Nitakutembeza hatua kwa hatua, kuanzia chumbani kwako. Ukiwa na haraka, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya madirisha. Hiyo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayonikosesha usingizi.

Hatua ya kwanza uifanye kabla hujavaa raba. Jichunguze. Una joto mwilini? Kikohozi? Koo linawasha, kichwa kinauma, pua haisikii harufu, chakula hakina ladha? Ukiwa na dalili hata moja, leo hakuna mazoezi. Najua utasema ni mafua tu ya baridi ya Julai. Huenda ni kweli, lakini hakuna awezaye kutofautisha mafua na korona kwa kujiangalia kwenye kioo. Piga simu zahanati ya chuo, au namba 719 ya Wizara ya Afya, uelezwe la kufanya. Na kama unayelala naye chumba kimoja amepatikana na virusi, wewe pia baki, hata ukijisikia mzima kabisa. Mtu huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajaona dalili yoyote.

Sasa funga mkoba. Chupa ya maji iliyojaa, ili usihitaji mfereji wa pamoja. Taulo mbili ndogo: moja ya jasho, nyingine ya kutandika benchi, na usizichanganye. Barakoa mbili safi kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu ya kwanza italowa. Mkeka wako kama unao. Nguo za mazoezi zivae huko huko hostelini, usije ukajibanza na wenzako kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Chagua saa vizuri. Kafyu inaanza saa nne usiku, kwa hiyo jioni kila mtu hukimbilia jimu kati ya saa kumi na moja na saa moja apate kumaliza mapema. Ukiwa na nafasi kati ya vipindi, njoo saa nne asubuhi au saa nane mchana. Utapata vyuma, utapata nafasi, na utapata hewa. Andika jina lako kwenye orodha ya zamu na uje kwa zamu yako. Idadi ya watu katika zamu imewekwa kulingana na ukubwa wa ukumbi. Tafadhali usimsumbue askari wa mlangoni akuingize kwa urafiki.

Tumefika mlangoni. Mlinzi anakupima joto kwenye kipaji cha uso, na kipimo kikiwa sawa unaingia. Hata hivyo usikitegemee sana. Walio wengi kati ya wanaoambukiza bila kujua hawana joto lolote. Pita kwenye mtungi wenye mfereji, unawe kwa sabuni sekunde 20. Kamera isogee karibu kidogo hapa. Tazama mikono yangu: viganja vinasuguana, sawa, kila mtu anajua hilo. Sasa gumba. Lishike lote kwa kiganja cha mkono mwingine, ulizungushe. Kisha ncha za vidole, zikwangue kwenye kiganja ili sabuni iingie chini ya kucha. Gumba na kucha ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo vitakavyoshika chuma na baadaye kupanda usoni kufuta jasho. Maji yakikatika, na hapa jijini tunajua yanavyokatika, tumia sanitaiza yenye alkoholi ya asilimia 60 au zaidi. Lowesha mikono yote na usugue mpaka ikauke yenyewe. Usiifute kwenye suruali.

Haya, tumeingia. Kabla hujagusa chuma chochote, nenda dirishani.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu aliyeketi kimya huvuta na kutoa hewa kama lita 6 hadi 8 kwa dakika. Mwanariadha aliyekomaa akikimbia kwa nguvu zake zote anaweza kupita lita 100. Kila pumzi hutoa chembechembe ndogo sana za mate ambazo hazianguki chini mara moja, zinaelea. Fikiria jiko la makaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa: hata ukikaa kona ya mbali, moshi utakufikia. Ndiyo maana umbali wa mita moja na nusu kati ya mtu na mtu peke yake haukulindi ndani ya ukumbi usiopitisha hewa.

Haya yameshatokea. Februari 2020, katika mji wa Cheonan huko Korea Kusini, madarasa ya mazoezi ya densi yaliyofanywa kwenye kumbi ndogo zilizojaa watu yalihusishwa na maambukizi ya watu 112 katika vituo 12 vya mazoezi. Mmoja wa walimu wa madarasa hayo alifundisha pia yoga na pilates, mazoezi ya polepole, yenye watu wachache darasani. Katika wanafunzi hao hakuna aliyeambukizwa. Chicago, Marekani, kati ya Agosti na Septemba mwaka jana, kati ya watu 81 waliohudhuria madarasa ya mazoezi makali ndani ya jimu moja, 55 walipata korona, na wengi wao hawakuvaa barakoa wakati wa mazoezi. Uzito wa mazoezi, wingi wa watu na hewa iliyofungwa: hivyo vitatu vikikutana, umepata hatari.

Nairobi tuna bahati ambayo wenzetu wa nchi za theluji hawana. Hapa dirisha linaweza kukaa wazi mwaka mzima. Tatizo ni mwezi huu. Asubuhi ya Julai inakuwa na baridi ya nyuzi 10 na kitu, mawingu yameshuka, na wa kwanza kuingia jimu anafunga madirisha yote. Usifanye hivyo. Vaa sweta unapopasha mwili joto, na baada ya dakika kumi utalivua mwenyewe.

Fungua dirisha la upande huu, halafu ulifuate la upande wa pili wa ukumbi. Upande mmoja hautoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Sasa jaribio rahisi. Nachana kipande cha tishu, chembamba, urefu wa kiganja, nakibandika kwa selotepu juu ya fremu ya dirisha. Tazama. Kinainuka, kinavutwa kuelekea nje. Hewa inatembea. Nafunga dirisha la upande ule... kinaning'inia tu, hakitikisiki. Hiyo ndiyo hewa ambayo watu 15 wangekuwa wanapokezana hapa ndani kwa saa nzima. Tishu ikitulia hivyo, punguzeni watu au mtoke nje.

Kuna feni? Usiielekeze kwa watu, maana itachukua pumzi ya mmoja na kumpelekea mwenzake usoni. Iweke karibu na dirisha, uso wake ukitazama nje, isukume hewa itoke. Dirisha la upande mwingine litaleta hewa mpya.

Sasa usafi wa vifaa. Nitakuwa mkweli: Aprili mwaka huu, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi ni mdogo, kwa kawaida chini ya mara 1 kati ya 10,000 kila unapogusa. Kwa hiyo tusisugue vyuma nusu saa huku madirisha yamefungwa. Lakini tusafishe, maana jasho huleta pia magonjwa ya ngozi, na ni heshima kwa anayekufuata. Nyunyizia dawa kwenye kitambaa, hasa kama ni mashine yenye skrini, kwa sababu majimaji yakiingia kwenye vitufe yanaiharibu. Futa jasho kwanza kwa upande mkavu, kisha pitisha upande wenye dawa mahali mikono inaposhika, mahali kichwa kinapolala, na pini ya kuchagulia uzito. Acha pakauke. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, isikae juu ya chuma, italeta kutu. Wenzetu wa usafi wanaitumia sakafuni, ikiwa imechanganywa na maji kama chupa inavyoelekeza, na kamwe haichanganywi na dawa ya choo, kwa sababu mvuke wake ni sumu.

Swali ninaloulizwa kila siku: barakoa wakati wa mazoezi? Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivae barakoa wakifanya mazoezi makali, kwa kuwa hulowa jasho na kuzuia pumzi. Baada ya yale ya Chicago, Wamarekani walishauri ivaliwe ndani ya jimu. Msimamo wangu ni huu. Ndani ya ukumbi, barakoa haitoki puani. Kama zoezi ni kali kiasi kwamba huwezi kulifanya na barakoa, zoezi hilo ni la uwanjani. Kamba ya kuruka, mbio za kasi, mazoezi ya kushindana na saa, yote yapelekwe nje. Kwa wanaonyanyua vyuma, punguza uzito kidogo na upumzike zaidi kati ya seti. Kumbuka pia tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Mombasa juzi ataishiwa pumzi mapema hata bila barakoa, na asione haya kupumzika. Ukihisi kizunguzungu, toka nje, simama mbali na watu, shusha barakoa, pumua.

Kumshikia mwenzako chuma kunawaweka uso kwa uso. Ukiweza, tumia fremu yenye vyuma vya kuzuia pembeni. Ukilazimika kushikiwa, awe mtu mmoja yule yule kila siku, nyote na barakoa, na seti iwe fupi.

Madarasa ya densi yako nje kwa sasa, kwenye nyasi. Mwalimu, kocha, nakuomba upunguze muziki. Muziki ukiwa juu unalazimika kupiga kelele, na wanafunzi wanakujibu kwa kelele, na sauti kubwa hutoa chembechembe nyingi zaidi kuliko maongezi ya kawaida.

Uwanjani hali ni nzuri zaidi. Mpira wenyewe si wa kuogopwa sana. Angalia yanayofanyika mpira ukisimama: wachezaji wanakusanyika bega kwa bega kumsikiliza kocha, na chupa moja ya maji inazunguka midomo kumi. Simameni kwa duara pana. Kila mtu na chupa yake, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana. Asiye na timu anaweza kukimbia msitu wa Karura au bustani ya Arboretum, barakoa mfukoni tayari kwa kupishana na watu.

Bwawani maneno ni machache. Klorini ikiwa katika kiwango chake, maji hayana shida. Shida iko ukingoni, mnapoketi kupiga gumzo, na kwenye bafu. Ogelea, toka, jifunge taulo, kaoge hostelini.

Sehemu ya mwisho ni ya wale waliougua, au waliokaa miezi mingi bila mazoezi tangu vyuo vifungwe Machi 2020. Mlioketi tu, anzeni na nusu ya uzito mliokuwa mkibeba, kwa wiki mbili hivi. Msuli uliolala ukishtuliwa kwa nguvu unaweza kuvunjika na kuumiza figo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi na misuli imevimba, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Uliyepata korona, hata ya dalili ndogo, subiri. Korona inaweza kusababisha uvimbe kwenye msuli wa moyo, na mazoezi makali juu ya moyo wenye uvimbe ni hatari kwa maisha. Madaktari wa Uingereza walishauri Januari mwaka huu ungoje angalau siku 7 bila dalili yoyote, halafu uanze na wiki mbili za mambo mepesi: kutembea, kunyoosha viungo, kupumua taratibu. Kipimo rahisi ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Uliyelazwa hospitali, au uliyepata maumivu ya kifua wakati wa ugonjwa, muone daktari kwanza.

Ukija, mwambie mwalimu wa zamu kwamba uliugua. Hatakufukuza. Atakupangia ratiba na kukutupia jicho. Na ukiwa katikati ya zoezi, kifua kikakubana, moyo ukaanza kudunda ovyo, au ukahisi unataka kuzirai, weka chuma chini hapo hapo. Usimalize seti. Keti sakafuni, inua mkono, nasi tutakufikisha zahanati.