Subaru iliyobadilishwa na safari ya ukaguzi: kimo kwanza, taa mwisho

Karibuni watazamaji wangu. Gari lililo nyuma yangu ni Subaru WRX STI, chesisi ya VAB, lililosajiliwa Japani kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 2017 na kuingia kupitia bandari ya Mombasa likiwa bado ndani ya kikomo cha miaka 8 kinachotajwa na kiwango cha Kenya cha magari, KS 1515. Mmiliki wa Japani alilishusha kwa koilova, yaani shoka na springi zinazorekebishika kimo. Mmiliki wa hapa akaongeza rimu pana, ekzosi kubwa, tinti, na stika ya kijivu mwili mzima, na sasa anataka kulipeleka Miritini, hapa Mombasa, kwenye kituo cha ukaguzi cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Cheti kilichotolewa kabla gari halijapanda meli hakizungumzii chochote kilichofungwa baadaye, kwa hiyo leo tunalitazama gari hili kama lilivyo, si kama lilivyokuwa.

Namna ya kuomba ukaguzi kupitia eCitizen, kulipa na kuchagua siku sitaieleza, kwa kuwa aliyeweza kuifikia video hii hashindwi kujaza fomu ile.

Tunaanza na namba. Katika injini ya EJ20, namba imegongwa kwenye sehemu bapa juu ya bloku, nyuma kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi, na intakula, kile kipoza hewa ya tabo, imekaa juu yake, ndiyo maana mnaniona nimeingiza mkono ubavuni na tochi nimeibana mdomoni. Hapa pamejaa mafuta yaliyogandamana na vumbi. Chukueni mafuta ya taa kidogo na mswaki wa zamani, msugue polepole mpaka tarakimu zijitokeze moja moja. Msitumie msasa wala brashi ya waya, hata kama fundi wenu ana haraka, kwa sababu mikwaruzo juu ya namba humfanya mkaguzi ashuku kwamba imechezewa, na kuanzia hapo mazungumzo huwa marefu. Sasa inasomeka. Ninailinganisha na logibuku: ni sawa. Namba ya chesisi: ni sawa. Rangi: si sawa, kwani logibuku inasema buluu na gari linasema kijivu. Mwenye gari alikuwa na njia mbili, ama kuomba badiliko la rangi liingizwe kwenye kumbukumbu za gari, ama kuibandua stika. Ameamua kuibandua, nami sikusikitika hata kidogo, kwa sababu buluu ile ya Subaru haikuhitaji kufunikwa.

Sauti ya mama mnayoisikia kila ninapowasha gari ni ya kisomaji cha ETC, ambacho kinalalamika kwa Kijapani kwamba hakijawekewa kadi ya kulipia barabara za kule. Haihusiani na ukaguzi. Wapo wateja wanaoniomba niing'oe, na wapo wanaoiitikia salamu.

Sasa tunaingia kwenye kazi yenyewe, na jambo nitakalolirudia mpaka mchoke ni mpangilio: kimo cha gari kwanza, kisha matairi, kisha wili alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, na taa ziwe za mwisho kabisa. Kila hatua huvuruga ile inayoifuata, kwa hiyo ukianzia mwisho utaifanya kazi yote upya.

Gari likae mahali tambarare, upepo wa matairi uwe wa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na tangi la mafuta liwe kama nusu. Ukaguzi wa Japani hutaka sehemu ya chini kabisa ya gari isikaribie ardhi kwa chini ya sentimita 9, na wapo mafundi wanaoichukua namba hiyo kuwa ruhusa. Mimi sishuki chini ya 12, kwa kuwa matuta yetu hayakupimwa Japani. Legeza kola ya kufungia kwa spana ya ndoano, zungusha kola ya juu yake mpaka springi ipande kiasi unachotaka, kisha uzikaze zote mbili zishikane barabara. Ukilitoa gari kwenye jeki usipime papo hapo, kwa sababu matairi bado yameikaza sasipenshoni kwa upande na namba utakazopata ni za uongo. Lisukume mbele na nyuma mita chache, lipumue, ndipo upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia. Hapa mbele nimepata kimo sawa pande zote. Nyuma kulia kumezidi kwa milimita chache, nitarekebisha hapo kamera ikiwa imezimwa, maana ni kuzungusha kola ileile.

Mikono yenu imeanza kuwawasha kwenda kwenye skrubu za taa. Subirini. Taa ni za mwisho.

Bwana mdogo, simama hapo hapo. Rudisha kamera kwenye tairi la nyuma kushoto, upande wa ndani, na ulete mwanga zaidi. Watazamaji, jambo hili halikuwa kwenye mpango wa video. Kwa nje tairi hili lina mifereji mizuri inayoweza kumdanganya hata muuzaji. Kwa ndani, upana wa kama vidole viwili, mpira umeisha na nyuzi zinaonekana. Gari likishushwa bila kufanyiwa alaimenti, magurudumu huinama, juu yakielekea ndani, na ukingo wa ndani hubeba kazi yote. Mkaguzi akiwa shimoni chini ya gari ataliona tairi hili kutoka ndani, mahali ambapo mwenye gari hajawahi kupatazama. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo, na mpira ukishafika usawa wake maana yake umebaki na milimita 1.6, hapa hata vijinundu vyenyewe havipo tena.

Kosa ambalo mwenye gari atalifikiria kwanza ni kununua tairi moja. Subaru hii huzungusha magurudumu yote manne wakati wote, na mtengenezaji anataka mizunguko ya matairi ikaribiane sana, tofauti isizidi kama milimita 6 ya mzingo, ambayo ni takriban milimita 1 tu ya kina cha mpira. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochakaa litaifanya difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ifanye kazi bila kupumzika. Kwa hiyo ni manne. Najua bei yake, msinitazame hivyo.

Na kwa kuwa tunanunua manne, tunarudi kwenye kipimo cha kiwandani. Gari hili, la kabla ya mabadiliko ya mwaka 2017, lilitoka na 245/40R18, lakini limevalishwa 265/35R18. Kipenyo cha kwanza ni karibu milimita 653, cha pili ni karibu 643, kwa hiyo tairi lililokuwepo lilikuwa dogo kwa asilimia 1.6 na mshale wa spidi ulikuwa ukizidisha kidogo. Tukiyafunga haya mapya ya kipimo cha kiwandani gari litapanda milimita 5. Mnaona kwa nini nilisema tusiguse taa? Kama tungekuwa tumezirekebisha tayari, tungekuwa tumezirekebishia gari jingine. Spesa zilizokuwa nyuma ya rimu nazitoa pia, kwa sababu tairi lilikuwa limechungulia nje ya madigadi, na likiruka tuta hugusa ukingo, kama alama hii nyeusi inavyoshuhudia.

Matairi yamefungwa, kimo kimepimwa upya, alaimenti imefanywa kwenye mashine na karatasi yake tutaiweka kwenye faili. Sasa ni taa, na hapa naomba mwongeze sauti.

Gari lenye taa za LED au xenoni za kiwandani kwa kawaida lina kihisi cha kimo kule nyuma, kimeunganishwa na mkono wa sasipenshoni kwa kijiti chembamba kama kalamu. Hiki hapa. Kazi yake ni kuiarifu kompyuta mkia wa gari umeshuka kiasi gani. Mkia ukishushwa kwa koilova, kompyuta hudhani kwamba buti limejaa mizigo, nayo huziinamisha taa ili zisiwapofushe wanaokuja. Fundi asiyelijua hili huona taa zimeinama, huchukua bisibisi na kuziinua kwa nguvu ya skrubu, na taa hukaa vizuri siku hiyo. Siku kompyuta itakapopata kipimo tofauti, taa zitaangaza minazi. Kwa hiyo ni kijiti kwanza, skrubu baadaye. Narudia kwa sababu hapa ndipo gari nyingi zilizoshushwa huangukia: kijiti kwanza, skrubu baadaye.

Kijiti cha kiwandani hakirekebishiki urefu, kwa hiyo tunakibadilisha na hiki chenye nyuzi pande zote mbili. Ninaviuza, sitajifanya siviuzi, lakini fundi mzuri wa lathe anaweza kukutengenezea kimoja. Kirekebishe mpaka mkono wa kihisi urudi kwenye pembe uliyokuwa nayo gari lilipokuwa na kimo cha kiwandani, kaza nati zake, washa swichi, na usubiri taa zijipange zenyewe. Msishike skrubu wakati zinajipanga. Tafadhali msizishike.

Sasa gari linatazama ukuta, umbali wa mita 10 kutoka kwenye kioo cha taa. Pimeni kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, mkiweke alama ukutani kwa utepe wa karatasi, kisha mchore mstari wa pili chini yake. Dimu, yaani mwanga mfupi wa taa za mbele, inapaswa kukata mwanga kati ya sentimita 10 na 15 chini ya alama ya kwanza. Mimi hulenga 12. Upande wa kushoto mstari wa mwanga hupanda kidogo ili kuonyesha ukingo wa barabara na waenda kwa miguu, na upande wa kulia hubaki chini ili dereva anayekuja asiumizwe macho. Japani huendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo taa zake hazina tatizo hapa, lakini mtu aliyeagiza taa za mapambo zilizotengenezewa soko la Ujerumani ataona mwanga ukipanda upande wa kulia, na hakuna skrubu itakayomwokoa. Vivyo hivyo, wenye taa za haloji waliochomeka balbu za LED za bei rahisi wazirudishe zile za haloji, kwa sababu kioo cha taa kilipigiwa hesabu ya mahali hasa waya wa balbu ulipo, na balbu ngeni hutawanya mwanga kila upande.

Ya kushoto imekaa. Ya kulia... imekaa. Mtu akae kwenye kiti cha dereva, tuangalie tena. Vizuri.

Ekzosi. Mmiliki wa Japani alifunga sailensa yenye kibati cha kuthibitishwa kule, ambako gari la aina hii halipaswi kuzidi desibeli 96 likipimwa karibu na mdomo wa bomba, na kwa bahati nzuri sailensa hiyo ilikuwa imehifadhiwa stoo, kwa hiyo tumeirudisha. STI ya Japani haingurumi kama zile za Marekani, kwa kuwa mabomba yake kutoka kwenye injini hadi kwenye tabo yana urefu uliolingana, na wapo wanaoyabadilisha kwa ajili ya mngurumo tu. Mimi napenda ilivyo. Kilicho muhimu ni katalisti iwepo na taa ya injini kwenye dashibodi isiwake, na kabla ya kupimwa moshi mliendeshe gari angalau dakika 20, kwa sababu katalisti baridi haisafishi kitu, na gari zima linaweza kufeli kwa kosa la kufika likiwa limepoa.

Mengine nayapitia haraka. Tinti ya kioo cha mbele na ya milango ya mbele itolewe, ili mkaguzi amwone dereva bila kubishana. Mikanda ya usalama ifunge na kufunguka. Pleti ya mbele ikae imenyooka, hata kama bampa lenu jipya halikuachiwa nafasi yake. Pembetatu za dharura ziwe mbili. Ile fimbo nyekundu ya moto inayokutwa miguuni kwa abiria katika gari za Japani haihesabiwi badala yake, na ikiwa imepitwa na tarehe msiiache humo. Honi, waipa, indiketa, taa ya namba: jaribuni, mwendelee.

Siku yenyewe, jambo la mwisho ni roli za breki. Mashine hii huzungusha magurudumu ya ekseli moja huku mengine yakiwa yamesimama, na gari linalovuta kwa magurudumu yote linaweza kuruka nje ya roli au kuumiza difu ya kati. Mwambieni mkaguzi kabla hajaingia, kwa adabu na kwa sauti anayoisikia, kwamba gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Kisha toeni DCCD, mfumo unaomwezesha dereva kudhibiti difu ya kati, kwenye hali ya kujiendesha, iwekeni kwenye hali ya mkono, na mpunguze kwa swichi yake iliyo karibu na gia hadi mwisho, ambako difu inakuwa imeachiwa kabisa. Mashine itasoma nguvu ya kushoto na ya kulia. Zikipishana sana, mara nyingi ni pistoni ya kalipa iliyokwama, jambo ambalo ni afadhali mligundue gerejini. Hendibreki ivutwe polepole, si kwa ghafla.

Mkishapewa matokeo, na kabla ya kuingia barabara kuu ya Nairobi pamoja na malori, rudisheni DCCD kwenye hali ya kujiendesha.