Kiraka kimepita testi, sasa ndo uanze kukikagua

Asalaam alaykum, habari za jioni ndugu zangu. Nashukuru mmekuja, kuna wa Mikindani hapa na kuna mmoja kaja na basi toka Newala, karibuni sana.

Leo naongelea kukagua kiraka kwenye kompaila ya chanzo huria. Mtu kaleta marekebisho, anasema bagi, yaani kosa la kwenye programu, imeisha, na wewe ndo unatakiwa useme yaingie au yasiingie. Kwa wageni, kompaila ni ile programu inayogeuza ulichoandika kwa C kiwe maagizo ambayo prosesa inayaelewa. GCC ipo toka 1987, LLVM ilianzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, zote ziko wazi, hata ukiwa Shangani hapo unaweza kuzisoma mstari kwa mstari.

Bambo wote mnalijua, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa sampuli. Mtu wa ubora ghalani haangalii korosho za mdomoni mwa gunia akaandika daraja la kwanza, anachoma bambo ubavuni, anachoma chini, anachukua na za katikati, halafu anazikata aone ndani. Mimi nilipoanza kukagua viraka nilikuwa naangalia za mdomoni tu, na kuna kimoja nikakipitisha, kwenye mradi mdogo ambao siutaji, na kinaniuma mpaka leo ndo maana nimekileta hapa.

Ilikuwa hivi. Kugawanya ni kazi nzito kwa prosesa, kusogeza biti kulia, yaani zile 0 na 1 zinazounda namba, ni kazi nyepesi, na kila ukisogeza mara moja ni kama umegawanya kwa 2, kwahiyo kompaila ikiona unagawanya kwa 2 au 4 au 8 inabadilisha kimyakimya inasogeza biti. Kwa namba chanya hakuna shida. Kwa hasi sasa: -7 gawanya kwa 2, kwenye C toka kile kiwango cha 1999, jibu ni -3, desimali inakatwa kuelekea sifuri. Ila ukisogeza biti unapata -4. (Wanaotumia Python mtasema mbona alama mbili za kugawanya zinatoa -4, ni kweli, Python imeamua kushuka chini, ni lugha nyingine na sheria nyingine, na hapa tunafuata ya C.) Basi bagi ndo hiyo. Akaja kijana na kiraka: kama namba ni hasi, ongeza 1 kwanza ndo usogeze. Fanyeni wenyewe, -7 ongeza 1 ni -6, sogeza mara moja, -3. Safi. Kaweka na testi, -8 kwa 8 inatoa -1, -1 kwa 8 inatoa sifuri, zote kijani, yaani zimepita. Nikaandika iingie.

Chukueni kalamu mfanye -7 gawanya kwa 4. Jibu la haki ni -1. Kiraka kinaongeza 1 inakuwa -6, kinasogeza mara mbili, inatoka -2. Mnaona? Ile 1 ilikuwa sahihi kwa 2 peke yake, ukigawanya kwa 4 inatakiwa uongeze 3, kwa 8 uongeze 7, yaani kigawanyo toa moja, na yule kijana hakujua kwanini 1 yake ilifanya kazi na mimi sikumuuliza. Hilo swali la kwanini ndo ukaguzi wenyewe. Na kosa la kompaila halikai kwenye kompaila, chukulia mtu ameandika programu ya mzani wa kielektroniki wa korosho, anasoma mara nne anagawanya kwa 4 apate wastani, mzani ukiwa mtupu unasoma chini kidogo ya sifuri, hapohapo sifuri yake imekosewa na kila gunia linalofuata linabeba lile kosa, na mkulima ataenda kugombana na karani ambaye hana hatia.

Sasa bambo la huku kwetu. Namba ya biti 8 ina thamani 256 tu, zijaribu zote kwa kila kigawanyo, ni sekunde. Wa LLVM wana Alive2, inachukua mabadiliko kama haya na kujaribu kuthibitisha kwa hesabu kwamba maana haijabadilika. Na kuna Csmith ya Chuo Kikuu cha Utah, inatunga programu za C kwa bahati nasibu, kufikia 2011 ilikuwa imeibua bagi zaidi ya 325 kwenye kompaila mbalimbali, zikiwemo hizi kubwa tunazoziamini.

Wengi mnaniambia kaka mimi Kiingereza changu hakitoshi kukagua. Andika mistari mitatu: nimeingiza -7 na 4, nilitegemea -1, nimepata -2. Hiyo inaeleweka dunia nzima, na haimvunji moyo aliyeleta, maana naye kajitolea usiku wake. Miradi hii viraka vinakaa foleni kusubiri mtu wa kuvisoma, LLVM wenyewe wanasema kikikaa wiki bila jibu ukumbushie, kwahiyo msomaji makini anatafutwa kweli.

Ndiyo dada wa nyuma, uliza. Anasema kigawanyo chenyewe kikiwa -2147483648 je? Sikilizeni vizuri hili. Hiyo ndo namba ndogo kuliko zote kwenye biti 32, na kwa biti ni 1 moja mbele na sifuri 31 nyuma yake, kwahiyo kompaila ikiitazama bila alama ya hasi itaona ni 2 zidisha 2 mpaka mara 31, itasema hii ya kusogeza, na alama ya hasi imepotea. Igawanye kwa yenyewe, jibu ni 1. Kwa njia yetu, hata ile iliyorekebishwa, tunaongeza 2147483647 inakuwa -1, tunasogeza mara 31, inabaki -1. Dada njoo mbele kwenye laptop, tukifungue tena hicho kiraka, hiyo komenti uiandike wewe.